Pleti ya Kitovu Chembamba

14 Novemba

Binti yangu Erica ameniletea daftari hili la jalada gumu na kalamu mbili. Anataka kila nikifunga kifaa kwenye gari la mtu niandike tarehe, gari la nani, kifaa gani na kimetoka wapi. Yote haya ni kwa sababu mwezi uliopita nilibishana na mteja juu ya klachi niliyomfungia, yeye akisema hivi na mimi vile, na hakuna aliyekuwa na ushahidi. Nimemwambia kwamba miaka thelathini na moja nimeandika kichwani na wino haujafutika. Akanijibu kwa upole tu kwamba niandike. Ana cheti cha chuo, na mimi sina hata cha kipaimara, kililiwa na mchwa. Basi naandika.

Mimi ni Anyelwisye, mzaliwa wa Ibaba kule milimani Ileje, ila gereji yangu iko Chapwa, hapa Tunduma. Najulikana kwa jambo moja. Kuna malori ya zamani ya aina mbili ambayo sisi mafundi tunayaita Uso Mpana na Uso Mrefu. Vifaa vya Uso Mpana siku hizi havipatikani hata kwa dawa. Ni mimi niliyegundua kwamba klachi ya Uso Mrefu inaingia kwenye Uso Mpana, mradi ujue cha kuchagua. Wenzangu walicheka, kisha wakaja mmoja mmoja kujifunza. Kwa siku ya kwanza inatosha.

17 Novemba

Nimevuka Nakonde na Anania, mwenzangu wa gereji, kutafuta pleti za klachi. Tumepata tatu za Uso Mrefu, zimetumika lakini bado zina nyama. Muuzaji, Mzambia mwenye miwani, akaniambia, "Mudala, zote saizi moja." Mudala kwao ni mzee. Nikacheka. Kwa nje ni saizi moja kweli, hata meno ya katikati yanalingana idadi. Tofauti ni kitovu, pale pleti inapovaa shafti ya gia boksi. Mbili zina kitovu kinene, moja chembamba.

Niandike hili, Erica akisoma afurahi. Shafti ya Uso Mpana ni fupi. Inataka kitovu kinene, kinachoingia ndani na kushika meno yote. Ukiweka chembamba kinashika nusu tu. Lori litawaka, litaondoka, litabeba mzigo wiki kadhaa, na siku moja mlimani meno yatakwisha. Injini itanguruma na matairi hayatajua. Na kama unashuka, gia nayo haitakushikilia, utabaki na breki peke yake. Kwa hiyo hizo nene ni za Uso Mpana mbili zinazosubiri gereji, na chembamba nitaiweka stoo hadi aje mwenye Uso Mrefu.

18 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana. Gereji imekuwa bwawa.

22 Novemba

Mvua kutwa. Tumefunga pleti lori la kijani na la bluu, siku moja yote mawili. Anania kasaidia. Kazi nzuri.

25 Novemba

Lori la kijani ni la mkwe wangu, mke wa mwanangu Edson. Edson yuko Ndola anaendesha malori ya watu, na la kwake kamwachia mkewe. Yeye na dereva wao, Shadrack, wanapanda Ibaba kununua viazi na kuvishusha hapa mjini. La bluu ni la mama Judith wa Nanyala, anayebeba chokaa barabara kuu, tambarare tupu.

Mkwe wangu na mimi hatujawahi kuzungumza. Hatujagombana. Kwetu mke wa mwanao hakutazami usoni, hakai unapokaa, na ukitokea njiani yeye anapisha. Siku hizi wengi wameacha, tena wanakula meza moja na kutaniana. Lakini huyu kalelewa na bibi yake kule Ibaba, na mimi nami sikumwambia aache. Miaka sita sasa maneno yake yananifikia kupitia mke wangu Marita, na yangu yanarudi kwa njia hiyo hiyo. Hata lori likiletwa gereji, anayelileta ni Shadrack. Naona ni heshima nzuri. Pia inanipunguzia kelele, maana nasikia ana maswali mengi.

30 Novemba

Marita amekuja na ujumbe. Mkwe anasema lori likipanda na mzigo linatoa mlio, kama mtu anayetafuna mchanga. Nimemjibu kwamba klachi mpya lazima izoee.

3 Desemba

Mvua. Nimebadilisha breki za bajaji mbili.

9 Desemba

Ujumbe mwingine. Mchanga bado unatafunwa, na sasa hata wakati wa kuondoka tambarare. Nimemuuliza Marita tangu lini wauza viazi wamekuwa mafundi. Marita hakucheka. Akauliza amjibu nini, nikasema amwambie Uso Mpana ni mzee kama mimi, na wazee tuna milio yetu.

10 Desemba

Anania amesafiri kwenda Kitwe kwa dada yake hadi mwaka mpya. Gereji imekuwa kubwa bila tumbo lake.

16 Desemba

Ujumbe wa tatu. Anauliza kama naweza kulifungua lori nitazame. Kufungua gia boksi ni kazi ya kutwa kwa watu wawili, na Anania hayupo. Nilikuwa chini ya gari, matope yananiingia mgongoni. Nikamwambia Marita, "Mwambie anunue redio, aifungue sauti, hatasikia mlio."

Sijui kama Marita alimfikishia hivyo hivyo. Huwa anayalainisha maneno yangu njiani.

19 Desemba

Leo mvua ilipita kwenye paa la stoo nikalazimika kutoa kila kitu nje. Kwenye gunia la Nakonde kulikuwa na pleti moja, ile niliyoiweka kusubiri Uso Mrefu. Nikaishika kuifuta. Nikaigeuza. Kitovu ni kinene.

Nimeipima mara nne. Nimeivalisha kwenye shafti kuukuu ya Uso Mpana niliyonayo na imeingia yote, inashika kila jino. Hii ndiyo iliyopaswa kufungwa tarehe ishirini na mbili. Ile chembamba haipo stoo. Haipo popote. Iko ndani ya mojawapo ya malori mawili.

Nilikimbilia daftari hili. Nimesoma tarehe ishirini na mbili hadi macho yakauma. "Kazi nzuri." Hiyo ndiyo niliyoona inafaa kuandika. Nakumbuka mvua, nakumbuka tulikuwa na haraka, nakumbuka tulikula mihogo ya kukaanga katikati ya lori la kwanza na la pili. Mkono wangu ulichukua pleti ipi kwanza, sikumbuki.

20 Desemba

Nimempigia Anania. Anasema yeye alikuwa anainua gia boksi, hakutazama mkononi mwangu, na hakuwahi kufikiri kuna haja ya kunitazama. Alisema vile kama sifa.

Najua atakachofikiri Erica akisoma, kwamba mlio unatosha kunijibu. Lakini lori la kijani limekuwa na gia boksi ya kelele tangu Edson alinunue. Na la bluu mama Judith haendeshi mwenyewe wala hasikilizi, huenda nalo linalia. Nusu kwa nusu. Ninajishikiza kwenye hiyo nusu.

21 Desemba

Nimemwambia Marita amwambie mkwe alete lori nilikague. Sikusema kwa nini. Jibu limerudi jioni: viazi vimeshachimbwa, vinanyeshewa shambani kwa watu, atalileta baada ya mwaka mpya. Tena amesema asante kwa kujali. Hilo la asante limenichoma.

24 Desemba

Kanisani. Lori la kijani lilikuwa limeegeshwa nje, na kama kawaida yake alikuwa ameliwekea mawe mbele na nyuma ya tairi hata pale tambarare. Zamani nilimcheka kwa hayo mawe. Alikaa upande wa akina mama nyuma ya nguzo, amejifunika kitenge, mjukuu wangu Asajile mapajani. Asajile ana miaka mitano. Shule zimefungwa na mama yake anazunguka naye kwenye lori. Alinipungia mkono.

Nilikuwa hatua kumi kutoka kwao. Nikaimba na kwaya.

27 Desemba

Nimekutana na Shadrack kwenye kituo cha mafuta. Nikamwambia lori lisipande tena mlima kabla sijalitazama. Akaniuliza, "Kuna shida gani, fundi?"

Nikajibu, "Hakuna shida. Ukaguzi tu."

Akasema basi ikiwa ni ukaguzi tu utasubiri, mama Asajile ndiye mwenye ratiba. Naandika hapa kwa sababu sina pa kulisema: niliogopa. Fundi aliyewafundisha wengine kuchagua pleti amechagua vibaya. Na wa kwanza kujua awe mkwe wangu, mtu ambaye heshima yangu kwake ni yote niliyo nayo, maana hajawahi kuniona nikila wala nikicheka. Nimeona afadhali kwanza nifungue la bluu. Nikiikuta chembamba mle, naibadilisha kimya, hakuna atakayejua.

28 Desemba

Mvua. Lori la kijani limeshuka salama. Nimelisikia likipita barabarani. Linatafuna.

30 Desemba

Limepanda tena.

1 Januari

Limeshuka. Mchungaji alihubiri juu ya kumaliza mwaka kwa moyo safi. Nikatazama viatu vyangu.

3 Januari

Anania amerudi na mama Judith amekubali kuleta la bluu. Tumeishusha gia boksi tangu asubuhi. Nilikuwa naomba, kweli nilikuwa naomba kwa sauti, Anania akadhani naimba. Pleti ikatoka. Nikaifuta kwa kidole.

Nene. Nzima kabisa, kama iliyofungwa jana.

Nilikaa chini kwenye oili. Nikamwomba Anania alirudishie yeye, mimi nikaenda nyumbani. Marita alikuwa anachambua maharage. Nikamwambia yote, tangu gunia la stoo. Akasukuma ungo pembeni. Kisha akaniambia kwamba lori la kijani limepanda Ibaba leo alfajiri, na Asajile yumo.

Nikachukua simu kumpigia mkwe. Ndipo nikakumbuka sina namba yake. Miaka sita sina namba yake. Marita akapiga kwa simu yake, haipatikani. Ya Shadrack haipatikani. Kule juu mvua ikikaza mnara nao hulala. Wanapakia kesho, wanashuka keshokutwa asubuhi. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mimi mwiba nimeletewa mara tatu mkononi.

4 Januari

Nimeondoka kwa gari la abiria hadi Mpemba, lingine hadi Itumba. Limekwama njiani mara mbili, tumefika giza limeanza. Hakuna bodaboda anayekubali kupanda Ibaba leo. Nimelala kwa Yesaya, binamu yangu. Nina pleti nene na spana kwenye begi. Simu bado hazipatikani. Nasikia mvua juu ya bati na nahesabu kona za barabara ile, nazijua zote tangu utoto. Ya kwanza kushuka ndiyo mbaya zaidi. Ina kijito chini.

5 Januari, naandika Ibaba

Bodaboda alinifikisha kama saa tatu asubuhi, sehemu kubwa tukisukuma. Ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba nililisikia lori kabla ya kuliona. Liko uwanja wa kupimia viazi, pale juu kabisa, na uwanja ukiisha barabara inaanza kuteremka hapo hapo. Injini ilikuwa inawaka. Magunia yamejaa hadi juu, turubai limefungwa, na juu ya turubai wamekaa watu tisa waliopewa lifti hadi Itumba, mmoja mama mjamzito anayewahi kliniki. Asajile yuko kwenye kebini, amebandika pua kwenye kioo.

Mkwe aliponiona alifanya alichofanya miaka yote. Alivuta kitenge usoni, akazunguka upande wa pili wa lori na kuchuchumaa nyuma ya tairi.

Nilimwambia Shadrack azime injini. Akaniambia mvua inarudi, wakichelewa saa moja hawashuki leo wala kesho. Kisha akaniuliza tena lile swali lake, nina shida gani na hili lori. Alikuwa na haki ya kuuliza. Nilianza kumjibu yeye, halafu nikaona kwamba nafanya kile kile, namtafuta mtu wa kunibebea maneno. Shadrack angeyabeba, angeyalainisha, na huyu mama angeambiwa ukaguzi.

Nikazunguka lori. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anashona magunia akanisihi kwa Kindali chetu nirudi, mkwe wangu yuko huko. Nikasema najua. Nilisimama hatua tatu kutoka kwake. Aliinamisha kichwa hadi magotini.

"Tumpale," nikasema. Sikuwahi kulitamka jina lake, wala kuliandika hapa. "Pleti niliyokufungia si yake. Nilikosea Novemba, na nimejua tangu kabla ya Krismasi. Mshushe mtoto."

Nilidhani atakimbia. Alikaa hivyo kidogo, kisha akasimama na kitenge kikashuka mabegani. Sikuwahi kuuona uso wake kwa karibu. Ni mdogo kuliko nilivyofikiri, na amechoka. Alinitazama sawasawa.

"Nilituma maneno mara tatu, Baba," akasema. "Mara tatu."

Sauti yake haikupanda. Akafungua mlango wa kebini, akamtoa Asajile, akawaambia waliokuwa juu ya turubai washuke wote. Walinung'unika. Mama mjamzito alishushwa kwa kushikwa mikono na watu wawili. Shadrack alikasirika. Alisema lori lilipanda vizuri juzi, na angalau alisogeze liondoke pale kwenye mteremko, atuonyeshe. Tumpale hakumruhusu kuondoa mawe ya tairi. Akamwambia asogeze hadi jiwe tu.

Shadrack akaingiza gia namba moja, akaachia klachi taratibu. Lori likajivuta, likagusa jiwe, likatetemeka. Halafu tukasikia. Si mchanga tena, ni chuma kikikwangua chuma, muda wa kuhesabu mbili, kisha pakawa hakuna kitu. Injini ikanguruma na lori limesimama. Akaingiza namba mbili. Akaingiza rivasi. Injini ikanguruma, lori limesimama. Jiwe la mbele lilikuwa limezama nusu kwenye matope na tairi limelilalia.

Shadrack akazima. Watu wote waligeuka kutazama kule barabara inakoteremkia ndani ya ukungu. Kijito kilikuwa kinasikika. Asajile akauliza kama safari imeahirishwa.

7 Januari

Tumelifungua hapo hapo chini ya turubai, mimi, Shadrack na Yesaya, aliyenifuata kutoka Itumba. Kitovu chembamba kilitoka laini ndani kama pete ya ndoa. Hakikuwa na jino hata moja. Meno ya shafti nayo yamelika nusu ya nje. Nusu ya ndani ni nzima, na kwa pleti nene itatosha kulishusha tupu, polepole, bila mtu ila dereva. Nimesema nitakaa kebini na Shadrack. Sikuombwa.

Viazi vimehamishiwa lori lingine, sehemu. Vilivyobaki vinaoza uwanjani na harufu yake iko kwenye nguo zangu. Mama mjamzito amebebwa kwa machela hadi Itumba, amejifungua salama. Tumpale amerudi kujifunika. Chakula changu analeta mama wa kushona magunia.

9 Januari

Tumeshuka. Kona ya kwanza nilifumba macho.

21 Januari

Mvua. Nimewasimulia mafundi wote wa Chapwa nilichofanya, nikiwaonyesha kile kitovu. Wawili wamekwenda kufungua malori waliyofunga wenyewe. Kitovu nimekitundika kwenye msumari mlangoni mwa gereji.

2 Februari

Leo lori la kijani limevutwa hadi gereji. Nilimtegemea Shadrack. Amekuja Tumpale, amebeba shafti nyingine aliyoitafuta mwenyewe hadi Vwawa. Alisimama mlangoni, chini ya kile kitovu, na hakujifunika. Anania alitaka kumpa kigoda, akakataa. Akaniambia nipime pleti mbele yake.

Nimepima. Aliuliza maswali, mengi kweli, na yote yalikuwa ya maana: kwa nini kitovu, meno mangapi, nitajuaje nikiwa barabarani. Nilijibu moja moja, na yeye akisikiliza kwa kichwa kilichoinama upande, kama anavyosikiliza lori. Alikaa hadi bolti ya mwisho. Kisha akaomba daftari hili na kalamu. Sikuweza kumnyima. Alirudi nyuma hadi Novemba na kusoma yote, redio na mengine, amesimama vile vile, nami nimesimama mbele yake. Alipomaliza aliandika hapa chini kwa mkono wake.

2 Februari. Lori la kijani, Uso Mpana. Shafti nyingine, pleti ya kitovu kinene, imeshika meno yote. Nimeona kwa macho yangu. Tumpale. 

Na namba ya simu yangu ni hii hapa nyuma ya jalada, Baba.